Imetoka upande gani? Mtoto mwenye sikoseli na maswali ya imani

Mtoto akigunduliwa ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, huku kwetu Kisumu, jamaa hawaanzi kwa kuuliza atapewa dawa gani. Wanauliza imetoka upande gani. Mimi ni Mmaragoli wa Vihiga, mke wangu ni wa Siaya, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa kuwa kila mmoja alingoja mwenzake ndiye ajifunze lugha (hayo tuyaache). Kwa hiyo swali lilipata njia mbili za kupita. Kwetu milimani walisema hayo ni magonjwa ya watu wa ziwani. Kwa wakwe zangu walisema katika boma lao hajawahi kuonekana mtoto wa namna hiyo, na mzee mmoja akataja chira, laana ya kuvunja mwiko, kwa sauti ya chini, kisha akaulizia habari za mvua.

Jibu la maabara ni fupi: imetoka pande zote mbili. Mtoto hapati sikoseli mpaka arithi jeni moja kwa baba na nyingine kwa mama. Sisi wawili ni wabebaji, kila mmoja ana jeni moja tu. Hatuumwi, hatukuwa na dalili yoyote, na kama si kijana wetu, ambaye ni mgonjwa, tungezeeka bila kujua. Kwa wazazi walio hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mgonjwa, mbili kati ya nne za kumleta mbebaji kama wazazi wake, na moja kati ya nne ya kumleta mtoto asiye na chochote. Dada yake alipimwa, hana chochote. Wamelala chumba kimoja, wamekula ugali mmoja, wameombewa na mchungaji yule yule.

Namwandikia mzazi aliyekabidhiwa karatasi ya namna hiyo juzi, na ambaye pia ni Mkristo. Najua maswali mawili yamekuingia kwa pamoja: nimtibu vipi, na Mungu ana maana gani. La kwanza lina majibu mazuri kuliko wengi wanavyodhani, nitayagusa. La pili utajibiwa kabla hujauliza, na mengi ya majibu hayo, niwieni radhi mnaoyatoa kwa nia njema, afadhali yangebaki nyumbani.

Wetu alianza kuvimba mikono na miguu kabla hajajua kutambaa. Ndivyo inavyoanza kwa wengi, karibu na miezi sita, kwa sababu mtoto mchanga huzaliwa na aina ya hemoglobini (kile kinachoipa damu wekundu) inayomkinga, nayo hupungua kadiri anavyokua. Baada ya hapo chembe nyekundu huanza kujipinda umbo la mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, na zinaponasa ndipo panapouma. Chembe ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi. Za mgonjwa wa sikoseli huishi kati ya siku 10 na 20. Ndiyo maana macho huwa ya manjano na damu haikai mwilini.

Kraisisi zetu, yaani vipindi vya maumivu makali, nyingi huja usiku. Mvua ya jioni inanyesha, joto linashuka ghafla, na mtoto aliyelala vizuri anaamka ameshika miundi. Halii kwanza. Ananyamaza, anakunja magoti, na ukimgusa anakutoa mkono. Mke wangu anawasha gesi kuchemsha maji ya ile chupa ya kukandia, mimi nampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa na kumnywesha maji kidogo kidogo kwa mrija, kisha tunamkanda taratibu, huyu mguu wa kulia, yule wa kushoto, mpaka vidole vyetu vinaingia ganzi. Maumivu yasipopungua, au homa ikiingia, tunamgongea jirani mwenye gari. Hakuna kungoja kukuche. Usiku mmoja, akiwa na miaka tisa hivi, nilikuwa naomba kwa sauti ile ya kesha, ya kukemea, akafungua jicho moja akasema, "Baba, omba kimoyomoyo. Kichwa kinaniuma." Mama yake alicheka mpaka akauachilia mguu. Nikaomba kimoyomoyo. Tangu hapo sala zetu za usiku hazina sauti, na sijaona kama zimepungukiwa na kitu.

Sasa, majibu ya watu. "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Hili nimeambiwa kwenye foleni ya duka la dawa, nimeambiwa matangani, nimeambiwa na makanga aliyekuwa akinirudishia chenji. Anayelisema huwa anakumbuka nusu ya 1 Wakorintho 10:13. Ukiifungua sura yote utakuta Paulo anazungumzia vishawishi vya kutenda dhambi, Waisraeli na sanamu zao jangwani, wala hasemi habari za ugonjwa. Na katika waraka wa pili kwa watu wale wale, sura ya kwanza kabisa, anasimulia kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Kwa hiyo mzigo usiobebeka upo, na mtume mwenyewe aliukuta. Ukiona unalemewa usidhani imani yako imeharibika.

Jibu lingine ni kwamba Mungu anakufundisha jambo. Mimi kazi yangu ni ualimu, na jibu hili linanichoma zaidi kwa sababu najua darasa linavyokwenda. Kama somo lilikuwa langu, kwa nini mtihani aufanye mtoto? Sikatai kwamba nimejifunza. Nimejifunza mengi, mengine kwa goti. Ila kujifunza kutokana na jambo ni kitu kimoja, na kusema jambo lililetwa ili mimi nijifunze ni kitu kingine kabisa, tena cha kutisha, maana kinamfanya mwanangu kuwa chombo cha kufundishia watu wazima.

Halafu kuna lile la kutafuta dhambi. "Rudini nyuma mwangalie mlikokosea." Kwa ugonjwa mwingine ungeweza kulipuuza. Kwa sikoseli linapenya, kwa sababu ni kweli ugonjwa umetoka kwetu. Tulimpa sisi, bila kujua, kwa njia ile ile tuliyompa pua na masikio. Mke wangu aliishi na hilo muda mrefu bila kulisema. Alikuwa akifua nguo za mtoto usiku wakati hakuna mtu wa kumwona, na mimi nikawa naongeza vipindi vya ziada shuleni ili nichelewe kufika nyumbani. Nyumba nyingi za wazazi tunaowajua zilivunjikia hapo, katika lawama, kabla hata mtoto hajalazwa kwa mara ya pili.

Kilichotutoa ni Yohana 9. Wanafunzi wanamwona kipofu wa kuzaliwa na kuuliza: "Rabi, ni yupi aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake, hata azaliwe kipofu?" Angalia jinsi swali hilo lilivyo la kwetu. Ni "imetoka upande gani" ile ile, imevaa kanzu. Na Yesu anajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Wala wazazi wake. Maneno hayo matatu mke wangu aliyaandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, na yapo mpaka leo, ingawa wino umefifia.

Najua nusu ya pili ya aya hiyo inasumbua. Kuna wanaoisoma kwamba Mungu alimpofusha mtu tangu tumboni ili baadaye apate pa kuonyeshea uwezo wake. Mimi siisomi hivyo. Nasoma kinachofuata: Yesu anasema imetupasa kuzifanya kazi za aliyenipeleka maadamu ni mchana, kisha anainama, anatema mate, anafanya tope, anampaka mtu macho. Wenzake walitaka mjadala, yeye akaanza kazi, na akawahesabu na wao ndani ya kazi hiyo. Hatoi sababu ya upofu. Anaonyesha kinachopaswa kufanyika mbele ya kipofu.

Kutenganisha sababu na maana ndiko kulikotusaidia kuliko mahubiri yoyote. Sababu ya sikoseli inajulikana, na ina historia inayopita hapa hapa. Mwaka 1949 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchini akikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Akakuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji ni zaidi ya mtu mmoja kati ya watano, ilhali kwenye nyanda za juu za kati hawafiki hata mmoja kati ya mia. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: palipo na malaria kali, mwenye jeni moja ya sikoseli anakingwa na ile malaria inayoua. Anayepata jeni mbili ndiye anayeugua. Kwa maneno mengine, kile ambacho wazee walikiita laana ndicho kilichowafikisha baadhi ya bibi na babu zetu utu uzima wakati mbu walikuwa wakimaliza watoto.

Mke wangu jambo hili lilimfariji sana. Mimi lilinikasirisha kwa kitambo, kwamba kinga ya wengi ilipiwe na wachache, na mmoja wao awe wangu. Rafiki yangu mhubiri alipolisikia alitaka kulitengenezea mahubiri papo hapo: mmoja anaumia ili wengi waishi, unaona msalaba huo? Nikamwambia asithubutu. Yesu alisema juu ya uhai wake, "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe." Mwanangu hakuulizwa. Jeni ni jeni, zinafuata njia zake, na mtu akinilazimisha nione ujumbe ndani ya chembe iliyojipinda nitakataa. Ninaloamini ni kwamba Mungu aliyeingia katika mwili wa mtu, akachubuliwa na kuona kiu, hajifichi upande wa pili wa maumivu ya mtoto huyu. Yuko upande huu, pamoja naye. Kwa siku nyingi hilo ndilo tu nililokuwa nalo, na lilitosha kunifikisha kazini.

Jambo ambalo makanisa yetu ya huku hayatufundishi vizuri ni kulalamika. Tunajua kushukuru, tunajua kukemea, tunajua kuimba mpaka spika zinakoroma. Ila mtu akisimama kwenye ushuhuda akasema "nimechoka na Mungu wangu," mwongozaji anamnyang'anya kipaza sauti. Na hapo Zaburi imejaa maneno hayo. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" ni Zaburi ya 13. Ya 88 ni kali zaidi: inaanza kwa kilio, inaendelea kwa kilio, na neno lake la mwisho ni gizani. Hakuna aya ya shukrani iliyoongezwa mwishoni ili msomaji alale vizuri. Nakushauri uisome kwa sauti, ukiwa peke yako, siku ambayo huwezi kuomba. Kama Maandiko yameiruhusu sala kumalizikia gizani, hulazimiki kuipamba yako kwa furaha usiyokuwa nayo.

Ayubu naye tunamtaja kwa uvumilivu tu. Msome sura ya 3, anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake watatu walianza vizuri mno: waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Wangerudi kwao siku ya nane tungewasifu mpaka leo. Walipofungua vinywa ndipo mambo yakaharibika, na mwishoni kabisa Mungu anawakasirikia wao waliomtetea, na kusema Ayubu aliyegombana naye ndiye aliyenena yaliyo sawa. Ayubu hakuambiwa kamwe kwa nini. Alipata Mungu aliyejitokeza, na hilo likamtosha. Sidhani lingemtosha kama lingetoka kinywani mwa Elifazi, mmoja wa rafiki zake hao.

Kuhusu dawa nitasema bila kuzunguka, maana hapa watoto wanakufa. Kuna watumishi, sitawataja, wanaowaambia wazazi kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Tuliwahi kuambiwa hivyo, tena mbele ya mtoto. Hezekia alipougua, Isaya alimletea neno la Mungu kwamba atapona, na katika habari hiyo hiyo akaagiza mkate wa tini ukawekwa juu ya jipu (2 Wafalme 20). Nabii aliyekuwa na uhakika wa uponyaji aliagiza dawa. Basi mtoto wa chini ya miaka mitano anywe penisilini yake mara mbili kwa siku, apate chanjo zake zote, hasa ile ya nimonia, atumie vidonge vya foliki na dawa ya kuzuia malaria kama alivyoandikiwa, na alale ndani ya neti. Muulize daktari kuhusu haidroksiyurea. Utafiti uliofanywa Kilifi pamoja na Uganda, Angola na Kongo ulitoa matokeo mwaka 2019, ukionyesha kwamba watoto wa Kiafrika wanaoitumia wanapata maumivu machache, malaria kidogo, na vifo vinapungua. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue kienyeji. Mwombe sista wa kliniki (nesi) akufundishe kupapasa wengu, chini ya mbavu za kushoto. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, ni dharura. Homa ikifika 38.5, ni hospitali usiku huo huo, sala mtaombea njiani.

Na baridi jamani. Sisi watu wa magharibi tunapenda matanga ya kulala nje. Ukienda mazishini kule Vihiga mwezi wa saba, mtoto huyu hawezi kukesha kwenye turubai na sweta moja. Mwache kwa jirani, au ulale naye ndani, na wanaonung'unika wanung'unike. Chupa ya maji iwe mkononi mwake kila mahali, shuleni pia, na mwalimu aelezwe kwa nini anaomba ruhusa ya kwenda msalani mara nyingi. Hilo naliona kwa macho mawili, kama mzazi na kama mwalimu.

Tumeomba apone kabisa. Bado tunaomba. Paulo alimsihi Bwana mara tatu amwondolee mwiba wake, na jibu likawa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu." Sisi tumepita mara tatu zamani sana, na sioni ubaya wa kuendelea kubisha. Nilichokikomesha ni ile desturi ya kumtoa mtoto mbele kila Jumapili ya uponyaji. Alipofika darasa la tano alituambia hataki tena, kwa sababu wenzake wa Sunday school walikuwa wanamngoja apone kama watu wanaongoja matokeo ya mechi, na asipopona wanamtazama yeye. Tulimsikiliza. Mchungaji wetu, Mungu ambariki, alimfuata na kumuuliza angependa aombewe vipi. Akasema aombewe akiwa hayupo. Kwa hiyo muulize mtoto wako kabla hujamsimamisha mbele ya watu. Ni mwili wake unaozungumziwa.

Maana, basi, iko wapi? Kwetu ilikuja ikitokea pembeni, na ilichelewa. Katika wodi moja mke wangu alimwazima mama wa kitanda cha pili ile chupa ya maji moto. Mama yule alikuwa msichana tu, mumewe alikuwa ameshaondoka baada ya kuambiwa ugonjwa umetoka pande zote, maana hakutaka kusikia kwamba na yeye yumo. Mke wangu hakumhubiria. Alimwonyesha jinsi ya kuifunga chupa kwa leso isiunguze ngozi, wakagawana uji. Baadaye wakaanza kupigiana simu. Sasa ni wazazi wengi, wa Nyalenda, Kondele, Ahero, mpaka Luanda ya Vihiga, na simu ya mke wangu ikilia saa nane usiku sishtuki tena. Paulo anamwita Mungu mwenye kutufariji katika dhiki ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki, kwa faraja ile ile tuliyopewa. Nilikuwa nimeisoma aya hiyo maisha yangu yote. Nilianza kuielewa nilipomwona mwanamke aliyekuwa akifua usiku ili asionekane akimwambia mwenzake kwa simu, "Wala wazazi wake. Umenisikia? Wala wazazi wake."

Lakini nisieleweke vibaya. Sisemi Mungu alimpa mwanangu sikoseli ili sisi tupate huduma. Huduma hii ningeiacha leo jioni kama angeamka kesho bila ugonjwa, na mke wangu angeniacha nyuma kwa mbio. Ninachosema ni kwamba maumivu yenyewe sijayaona yana maana yoyote. Watu walio ndani yake wanayo, na Mungu anafanya kazi na watu.

Wababa, neno moja kwenu. Wodini mara nyingi nilikuwa mwanamume peke yangu, na sista alidhani nimepotea njia. Wengi wetu tunakimbia, tukisema tunatafuta pesa. Pesa zinahitajika kweli, nazijua foleni za bima na harambee za M-Pesa, ila kaa hata usiku mmoja. Na wazee wa kanisa, mkiona familia ina mtoto anayelazwa kila mara, msitume akina mama peke yao. Mtumeni mwanamume akakae na baba wa mtoto. Hahitaji kuwa na maneno. Abebe chai na mandazi, aulize mechi imeishaje, na akiombwa aombe, aombe kwa ufupi.

Mtoto mmoja wa kundi letu alifariki. Msibani mhubiri alisema Mungu alihitaji ua la bustani yake, nami nikaona baba wa mtoto akiinuka na kwenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata, tukasimama hapo karibu na zizi mpaka mahubiri yakaisha. Yesu alijua kwamba atamfufua Lazaro baada ya dakika chache, na bado alilia. Sikuwa na lolote la kuongeza, na sikuongeza. Wenzetu wa kundi walikaa kwa familia ile baada ya hema kung'olewa, wakapalilia mahindi ambayo yalikuwa yamesahauliwa, na wakaendelea kulitaja jina la mtoto. Hilo la kulitaja jina mama yake alisema ndilo lililomsaidia, kwa sababu watu wengine wote walikuwa wakikwepa.

Siku hizi makanisa kadhaa yanatualika kuzungumza na wachumba kabla ya matangazo ya ndoa. Wachumba wa huku wamezoea kupimwa Ukimwi. Sikoseli wengi hawaifikirii kabisa, na ukanda wetu una wabebaji wengi. Nilipoanza kujiandaa kwa mkutano wa kwanza, kijana wangu, ambaye sasa yuko sekondari, alikuwa akisoma juu ya bega langu. Akauliza, "Kama mngepimwa kabla ya harusi, mngeoana?" Mama yake alijibu ndiyo bila kugeuka kutoka kwenye sinki. Mimi nilimwambia ukweli: sijui yule kijana niliyekuwa wakati ule angeifanyia nini karatasi ile, lakini baba anayemjibu sasa hawezi kuiwaza nyumba hii bila yeye. Akafikiri kidogo. "Basi wapimeni watu," akasema, "lakini msinifanye mimi tangazo la hatari."

Tukabadilisha hotuba yote. Hatuwaambii wachumba kwamba wabebaji wawili wasioane, wala hatuwaambii waoane tu Mungu atajua. Tunawaambia wajue mapema, waamue wakiwa na macho, na wakipata mtoto mgonjwa wasipoteze hata siku moja kutafuta upande. Wazazi wa yule kipofu wa Yohana 9 walipohojiwa na wakubwa waliwaambia wamuulize mwana mwenyewe, kwamba ni mtu mzima, atajisemea. Waliogopa, ndiyo, lakini shauri lenyewe halikuwa baya. Kwa hiyo wetu akitaka kuja, anakuja, na sehemu inayohusu maumivu anaieleza yeye. Asipotaka, anabaki akitazama mpira.

Jambo moja la mwisho la maabara, kwa kuwa wachumba wengi hurudi na kipimo kisicho sahihi. Kile cha haraka, cha kuangalia tu kama damu inajipinda, hakitofautishi mbebaji na mgonjwa. Ombeni kipimo kinachoitwa elektroforesisi ya hemoglobini, mpimwe wote wawili, na matokeo myachukue mkiwa pamoja.